Kuupima Upepo wa Ras Mkoko

Mashoga zangu, tangu nirudi hamjanipumzisha. Mmoja ananivizia nikitoka dukani, anataka kujua kama kweli nililala juu ya magunia. Mwengine amesikia nilishikwa na polisi kwa ajili ya droni. Na yuko mmoja, simtaji lakini anajijua, amewaambia watu wa mtaa mzima kwamba nilikwenda kwa mganga. Nikianza kueleza, mnanikata kauli kabla sijafika Kilifi. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho ndipo mje na maswali yenu, na mkija msije mikono mitupu.

Kwanza niseme tulikwenda kufanya nini, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilivumilia niliyoyavumilia. Nasra, binti wa marehemu kaka yangu, anasomea upepo chuo kikuu. Mwanzoni nilicheka, nikamuuliza, kwani upepo nao husomewa? Akanikalisha chini akanieleza kwa utulivu. Kila mwaka msimu wa kusi, upepo unaopita mwambao wetu haupigi sawasawa kutoka chini hadi juu. Kuna ukanda mmoja, wala hauko juu sana, urefu wa minara kadhaa ya msikiti ikipandishwa mmoja juu ya mwengine, na hapo upepo unakimbia kuliko ulio chini yake na ulio juu yake. Nchi kavu inapata joto, bahari inabaki na ubaridi wake, upepo unabanwa pale kati ukifuata ufuo, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo unavyozidi kasi. Ukiupima mwaka mmoja hujajua kitu, kwa sababu kila mwaka una visa vyake. Lazima uupime msimu baada ya msimu, mahali pale pale, ndipo uweze kusema hii ndiyo tabia ya upepo wa hapa.

Nasra alikuwa ameshapima misimu miwili katika vituo vyake vyote. Cha kwanza kiko hapa kwetu Likoni, cha mwisho kiko Ras Mkoko, kijiji kidogo cha ufuoni mbele ya Kipini. Visima vya Ras Mkoko vyote ni chumvi. Maji matamu yapo, nyuma ya vilima vya mchanga, ila yako chini mno kwa ndoo na kamba. Wako wafadhili waliokubali kuwajengea watu wa pale pampu inayozungushwa na upepo, lakini walitaka kwanza wahakikishiwe kwamba upepo ule mkali hurudi kila mwaka, na msimu huu wa tatu ndio uliobaki. Kikikosekana kipimo cha mwaka huu, pampu inakwenda kijiji chengine. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Hilo, na wifi yangu, mama yake Nasra, aliyesema binti yake hafiki huko peke yake hata kama upepo wenyewe utakuja kumposa.

Likoni: harusi ni ya nani?

Chombo chenyewe cha kupimia ni tiara. Ndiyo, tiara, kama wanazorusha watoto uwanjani, ila hii ukiitandaza inafunika kitanda cha sita kwa sita. Inapanda na kamba, na kwenye kamba kunafungwa kipima upepo, kidude hakizidi kikombe cha kahawa. Tiara hiyo niliishona mimi, kwa kitambaa cha parachuti, na tuligombana kwa ajili ya matundu. Nasra alitaka niache matundu manne ya duara, upepo ukizidi upate pa kupitia, usije ukaichana tiara. Mimi nikasema nguo yenye matundu haitoki kwenye cherehani yangu. Mwishowe niliyaacha, nikayapiga pindo safi, nikamwambia akiulizwa asinitaje.

Mianzi yake ni mirefu na haikunjiki. Tulifika feri tumeifunga ndani ya turubai la buluu, Nasra amekumbatia gurudumu la kamba kifuani, na watu wakatupisha wakidhani ni milingoti ya hema la harusi. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi akaniuliza harusi ni ya nani. Kabla sijamjibu akamtazama Nasra kutoka utosini mpaka kwenye viatu, akasema mashallah, akaanza kumwombea watoto wema. Nasra akavimba. Mimi nikaitikia amin kwa sauti, kwani dua mtu huikataa? Tunashuka ng'ambo ya pili nimeshapewa jina la mpishi wa biriani na nimeambiwa nikimpigia simu niseme nani kanielekeza.

Nasra hakusema nami mpaka Kongowea.

Kongowea: kumsubiri Mutua

Mabasi yote yalikuwa yameikataa mianzi yetu. Kwa hivyo Nasra alitafuta lori la matunda, yale yanayoshuka na matikiti kutoka Tana na kurudi matupu. Dereva wake aliitwa Mutua, kijana wa Kikamba aliyekulia Nairobi, mwembamba, mchangamfu, maneno yake nusu siyajui. Alituambia tunaondoka asubuhi na mapema. Mimi nikaamka kabla ya adhana, nikachelewesha watu wa nyumbani chai yao, kumbe asubuhi ya Mutua inategemea matikiti.

Mnunuzi alikuwa amekuja, akagonga matikiti kwa kidole moja baada ya jengine, akasema hayajaiva, akaenda zake. Ikabidi asubiriwe mwengine. Tulikaa juu ya magunia ya viazi, na hapo ndipo ilipotoka habari ya kulala juu ya magunia. Sikulala. Nilifumba macho tu. Mahamali walikuwa wakipita na mikokoteni wakipiga kelele tutoe miguu, na kila wakipita mimi nilitoa miguu na Nasra akainyanyua mianzi kama mtu anayelinda mtoto. Tukala viazi vya karai na ukwaju, tukala tena, na jua likapanda. Nasra alikuwa hatulii. Kila mara anatazama magunia ya plastiki yanavyopeperuka juu ya paa za vibanda, akiniambia, "Shangazi, upepo umeshakuwa mzuri huko, na sisi tuko hapa na viazi."

Tuliondoka baada ya adhuhuri. Mutua akaniita "mathe". Nikamwambia mwanangu, mathe ni kitu gani, umekosa kusema mama? Akacheka mpaka lori likayumba. Tulipopita Kisauni alikuwa ananiita mama, na tulipofika Kilifi alikuwa amejifunza kutoa shikamoo, ingawa alimtolea na mwuza korosho aliye mdogo kuliko yeye. Naye alitutania sana. Alisema watu wa pwani tukisimulia ajali, majeruhi anapona kabla hatujafika pale gari lilipogonga. Nilitaka kumkasirikia lakini nilikuwa namsimulia kisa tangu Mtwapa na nilikuwa sijamaliza.

Tulilala Malindi kwa jamaa zetu, wakatukirimu kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hayo mnayajua, siyaelezi.

Garsen: askari na droni

Kabla ya Garsen tairi la lori likapasuka. Tulikaa kando ya barabara muda mrefu, hakuna kivuli ila cha lori lenyewe, na kila kivuli kikisogea na sisi tunasogea. Mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akipita na mbuzi wake alitupatia maziwa ndani ya kibuyu, yana harufu ya moshi, akakataa kupokea chochote. Hatukuwa na lugha moja. Alinishika tu mkono, akaelekeza kidole kwenye mianzi, akainua nyusi. Nikamwonyesha kwa mikono kitu kinachoruka. Akanitazama kwa huruma nyingi, akaniongezea maziwa.

Kwenye kizuizi cha polisi ndipo tuliposhushwa. Askari alifungua turubai, akaona mianzi, akaona gurudumu la kamba, kisha akaona kile kipima upepo na kitaa chake kidogo chekundu kinawaka na kuzima. Akamuuliza Nasra, hiki kinarushwa? Nasra, msomi wangu, akajibu ndiyo. Basi tukawekwa pembeni, simu zikaanza kupigwa, na Mutua akajikausha nyuma ya usukani kama hatujui.

Nikajitia katikati. Nikasema afande, si droni, ni tiara. Akaniuliza watu wazima wenye akili zao wanasafiri kutoka Mombasa kuja kurusha tiara? Nikaona nikijibu ndiyo tutazidi kuharibu. Nikamwambia aturuhusu tuiunge aione kwa macho yake. Tukaitandaza pale pale kwenye changarawe, yeye na mwenzake wakatazama. Akainama, akashika pembe moja, uso wake ukabadilika. Akasema kwao walikuwa wakitengeneza za mifuko ya sukari na vijiti vya ufagio, na yake ilikuwa ndiyo inayopanda kuliko za wengine. Akauliza matundu haya ni ya nini na fundi wake ni nani. Nikajitia kukunja turubai.

Mwisho wa maneno, alikaa chini na Nasra wakazungumza. Alitaka kujua kwa nini kila msimu kama huu upepo unang'oa mabati ya kambi yao, na kwa nini unazidi ukielekea juu kaskazini. Nasra akamchorea kwa kijiti mchangani, nchi kavu huku, bahari huku, upepo pale kati. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyosikiliza mimi. Akatupatia mahindi ya kuchoma, na akapiga simu kwenye kizuizi cha mbele kusema atapita mama mmoja na tiara, wamwache. Kwa hivyo aliyesema nilishikwa na polisi, ni kweli, lakini amalizie na mahindi.

Ras Mkoko: chai

Mutua alituteremsha Kipini, tukaagana kwamba kesho kutwa adhuhuri atatungoja pale pale, maana ana mzigo wa ndizi Witu na hawezi kukaa. Kipima upepo nacho kilikuwa kinatakiwa kurudi chuoni, wengine wanakingoja. Tukapanda trekta lililokuwa likipeleka mbao, likatupitisha kwenye mchanga mpaka Ras Mkoko, na nikashuka mifupa yote inaniuma.

Mwenyeji wetu alikuwa Bi Tima. Nasra alifikia kwake miaka yote. Ni mjane, mtu mzima sana, mdogo wa umbo, anatembea polepole lakini mikono yake haitulii. Anashona kofia za mkono, zile za kutobolewa matundu madogo madogo na kuzungushiwa uzi, ambazo kofia moja inaweza kukushika miezi. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akaniuliza jina, nikamwambia Saumu, akanishika mikono akaigeuza, akatazama vidole vyangu, akasema, "Wewe ni fundi mwenzangu." Nilimpenda pale pale.

Akaleta chai na kaimati. Nikapiga funda moja, nikajua mtoto wa jikoni amechanganya sukari na chumvi. Nikalimeza, nikatabasamu, nikamnong'oneza Nasra amwambie mwenyeji kwa adabu kabla wengine hawajanywa. Nasra akanikanyaga mguu. Nikatazama, na kila mtu alikuwa anakunywa chai yake, watoto na wakubwa, hakuna aliyekunja uso. Ilikuwa na sukari ya kutosha. Chumvi ilikuwa ya kisima.

Bi Tima aliniuliza maji kwetu yakoje. Nyinyi mnajua ninavyolalamika hapa, mifereji ikikauka na tukinunua mitungi. Pale sikuwa na la kulalamika. Nilimwambia tunapata, namshukuru Mungu, na nikaimaliza chai yangu yote.

Mkono wa Bi Tima

Asubuhi ya pili mimi na Nasra tulikwenda kuukagua mlingoti aliouweka ufuoni miaka ile, wa kupima upepo wa chini, kisha tukazungukia vilima kutazama pale pampu itakapokaa. Tuliporudi, nguo zetu zilikuwa zimefuliwa, zimekunjwa, zimefukizwa udi. Mnajua mila hiyo, mgeni haondoki na nguo chafu. Hata upindo wa baibui langu uliokuwa umefumuka njiani ulikuwa umeshonwa. Nikafurahi sana. Halafu nikaona na tiara nayo imekunjwa juu ya kitanda, inanukia udi.

Nasra akaitandaza. Matundu yote manne yalikuwa yamezibwa.

Na yalizibwa kwa kazi ambayo mimi, wallahi, siiwezi. Bi Tima alitafuta kitambaa cheupe cha rangi ile ile, akakikata duara, akakishonea kwa mshono wa kofia, mdogo mdogo, umesimama pamoja, hata ukipitisha ukucha hausikii kitu. Lazima alianza mara tu tulipotoka. Alikuwa amekaa mlangoni anatutazama, anangojea tuone.

"Niliona imechanika," akasema. "Wageni wangu hawarushi kitu kibovu mbele ya watu."

Nasra akafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikamvuta kando. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni lazima yafumuliwe sasa hivi, upepo wa leo ni mkali. Nami nikamwambia hayafumuliwi. Humfumulii mwenyeji wako kazi ya mikono yake mbele ya uso wake, na majirani wameshaitwa, mkeka umeshatandikwa ufuoni. Nikamwuliza kama ataweza kumtazama usoni baada ya hapo. Nasra ni mtoto mwenye adabu, na adabu hiyo tulimfunza sisi. Akainamisha kichwa.

Alasiri tukairusha. Wanawake wote walikuja, Bi Tima katikati yao, amevaa leso mpya. Tiara ilipanda kwa ghafla, haikusubiri hata kukimbiwa. Watu wakashangilia. Kamba ikaanza kulia, gurudumu likawa moto, Nasra akajizungusha kamba kiunoni na bado inamburuta miguu mchangani. Nikaenda kumshika. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma niliposikia mlio wa kitambaa kinachopasuka, sauti ambayo fundi yeyote anaijua hata akiwa usingizini. Tulianguka sote wawili. Kipima upepo kilishuka na kamba kikatua kwenye maji ya kifundo, tukakiokota kizima. Tiara yenyewe tuliitoa kwenye mikoko, vipande vitupu.

Bi Tima akaomba aletewe kipande kikubwa. Akakiweka mapajani, akapitisha kidole pole pole kwenye ule mshono wake. Mshono ulikuwa umeshika. Kitambaa kilikuwa kimechanika kando yake, kutoka tundu hata tundu.

"Yale matundu yalikuwa na kazi," akasema.

Nasra akajibu ndiyo, yalikuwa ya kupitishia upepo.

"Na nyinyi mlijua."

Nikamwambia tulijua, na ni mimi niliyekataza, tuliona haya kufumua kazi yake. Sijapata kuona haya kama siku ile, mashoga zangu, na yeye hakupandisha hata sauti.

"Mwanangu, mimi hufumua kofia nzima nikikosea tundu moja. Ungeniambia tu."

Kitambaa

Tulibaki na kamba, mianzi, kipima upepo kizima, na asubuhi moja tu kabla ya kuondoka. Kilichokosekana ni kitambaa. Wanawake wakaleta walivyokuwa navyo. Leso zilikuwa zimechakaa, ukizivuta zinaachia. Turubai lilikuwa zito. Shuka zilikuwa na viraka juu ya viraka. Nilizipima zote mkononi moja moja na kila moja nilimrudishia mwenyewe kwa maneno mazuri, na kila nikirudisha naona nyuso zinazidi kushuka. Kila mtu pale alijua ni maji yanayokwenda zake. Nasra alikuwa ameketi kando, analia bila sauti.

Bi Tima akaingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, akaufungua, na harufu ya kafuri ikatoka. Wanawake wakasogea nyuma, wakampisha. Ilikuwa bafta nyeupe, jora jipya lisilopata kukatwa. Mumewe alikuja nayo kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya Zamzam. Ilikuwa sanda ya Bi Tima mwenyewe.

Akaniwekea mapajani, na mkasi juu yake.

"Kata," akasema.

Mkono ulinikataa. Nimekata nguo tangu ujana wangu, nimekata za maharusi, nimekata sare za shule mpaka kidole gumba kimeota sugu, lakini pale mkono ulinikataa kabisa. Nikamwambia, "Bi Tima, hii siikati. Hii ni ya safari yako."

"Ndiyo, ni yangu. Ndiyo maana sikumwomba mtu ruhusa."

"Siwezi, mamangu."

Akakaa chini karibu yangu, magoti yetu yakagusana.

"Saumu, sanda ninayo siku nyingi. Maji ya kuoshewa sina. Mume wangu tulimwosha kwa maji ya kisima hiki. Chumvi ilimkaukia usoni, nikaifuta, ikarudi. Nilimfunika hivyo hivyo. Kata, mwanangu."

Nikakata. Nililia nikikata, sioni haya kusema, na machozi yaliingia kwenye kitambaa na yeye hakunikataza. Nilikata kidogo kadiri nilivyoweza. Hakukuwa na cherehani, wala nisingeitumia kama ingekuwapo. Tulishona kwa mkono, mimi upande mmoja na Bi Tima upande wa pili, na wengine wakatuvutia pembe zisilegee, mpaka adhana ya isha. Matundu manne tuliyaacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyashonea kingo, kwa mshono ule ule wa kofia, na safari hii alimwita Nasra kila tundu amuulize kama ni kubwa la kutosha.

Asubuhi tiara ilikuwa nzito kupanda. Bafta si parachuti, inataka upepo wenyewe uwe na nguvu. Ilipanda kidogo ikashuka, ikapanda ikashuka, na kila ikishuka wanawake wanavuta pumzi. Bi Tima alisimama peke yake, hakutaka kushikwa. Halafu upepo ukaja, ule wenyewe wa ukanda, nikausikia masikioni kabla sijauona kwenye kitambaa, na tiara ikainuka, ikaenda, ikaenda, nyeupe, mpaka ikawa ndogo kama kofia. Kamba ilikaza lakini haikulia. Nasra alikuwa anasoma vipimo kwenye simu. Hakuna aliyeshangilia. Baadhi yao walikuwa wanaomba dua.

"Inakwenda vizuri?" Bi Tima akauliza.

Nasra akasema inakwenda vizuri, Bibi, ni ule ule wa miaka yote miwili.

Tulipoiteremsha nilitaka kuifumua nimrudishie vipande vyake. Akakataa. Alisema upepo hausomwi kwa mwaka mmoja, si tulimwambia wenyewe? Basi Nasra achukue, aendelee nayo. Nikamwahidi nikifika Mombasa nitamnunulia bafta nyengine, nzuri kuliko ile, nimpelekee na lori la Mutua. Akasema haya.

Kurudi

Njia ya kurudi nililala, kwa hivyo sina la kuwaambia. Mutua alitungoja kama alivyosema. Nasra alipomweleza ilikuwaje, hakutania hata mara moja mpaka Malindi. Askari wa Garsen aliomba aione tiara. Alipoambiwa ni kitambaa gani, alivua kofia yake.

Bafta niliinunua wiki ile ile niliyorudi, nikaitafuta duka baada ya duka mpaka nikapata ya uzito ule. Nikaiosha, nikaikausha kivulini, nikaifungia kafuri, na harufu hiyo ndiyo iliyomfanya mmoja wenu aseme nilikwenda kwa mganga. Ilikuwa tayari kwenda nilipopigiwa simu na Nasra kwamba vipimo vya misimu yote mitatu vimekubaliana, wafadhili wameviona, na Ras Mkoko imepata pampu. Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikampigia Bi Tima, nikataka nimwambie mimi kabla hajasikia kwa watu.

Nilisikia upepo tu kwenye simu. Halafu akauliza lini. Nikamwambia wanasema wataanza kuchimba mvua zikishakwisha, na Mungu akipenda msimu ujao wa kusi pampu itazunguka. Akauliza ni hakika. Nikamwambia ni hakika, imeshatiwa saini. Nikamwambia pia kwamba kile kitambaa chake kipo tayari, Mutua anapanda juu Jumatano, atampitishia.

"Usinipelekee," akasema.

Nikashtuka, nikafikiri labda nimemuudhi. Nikamuuliza kwa nini.

"Kusi ijayo niko hapa. Nina maji ya kunywa kwanza. Kiweke hapo kwako, Saumu, na ukija kunywa chai, njoo nacho."

Kipo kabatini kwangu, chini ya vitambaa vya sare za shule. Msikiguse.